Hema Kubwa Lising'olewe na Upepo



Leo tutajifunza kusimamisha hema kubwa la familia. Tutajifunza kulisimamisha ili upepo usiling'oe na mvua isiingie ndani.

Labda baadhi yenu mtasema, "Sisi si askari. Sisi si watalii. Hema la nini?" Swali hilo ni zuri. Hebu tulijibu kwanza.

Wilaya yetu ya Kyela ni bonde. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka kutoka milimani na kumwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Masika yakizidi mito hufurika. Nyumba huingia maji, na kuta za udongo hulowa na kuanguka. Watu huhama na watoto wao, mikeka yao na mpunga wao. Hapo ndipo hema linapohitajika.

Si Kyela peke yake. Desemba 2009 ardhi ilitetemeka mara nyingi kule Karonga, ng'ambo ya mto Songwe. Nyumba zilibomoka. Watu waliogopa kulala ndani, na mvua zilikuwa zimeanza. Mwishoni mwa mwezi huohuo mafuriko yaliikumba Kilosa, mkoani Morogoro, na familia nyingi ziliishi katika mahema. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilibomoa nyumba nyingi Bukoba, na huko pia watu walilala nje na katika mahema.

Tena kuna misiba. Nani kwetu hajaona msiba wenye watu mia mbili, na mvua ikanyesha, na turubai likajaa maji mpaka likapasuka? Kwa hiyo somo hili ni letu sote.

USIKU TULIOJIFUNZA

Hatuandiki somo hili kwa sababu sisi ni mafundi wa mahema. Tunaliandika kwa sababu tulikosea, na mtu akaumia.

Masika moja tulikwenda kusaidia katika kijiji kimoja karibu na ziwa. Mto ulikuwa umeingia katika nyumba za watu. Mahema yaliletwa, na sisi maofisa tuliambiwa tusaidie kuyasimamisha. Tulikuwa na haraka. Jua lilikuwa kali, na watu walikuwa wamechoka.

Hema moja tuliliweka katika uwanja wa wazi unaoelekea ziwani. Mlango tuliuelekeza ziwani ili familia ipate hewa. Vigingi vilikuwa vya chuma, vifupi, kama shubiri moja na nusu. Tulivipiga katika udongo laini, vikaingia bila shida. Tukafurahi. Kumbe kigingi kinachoingia bila shida hutoka bila shida!

Familia ya watu wanane iliingia humo. Walikuwapo baba, mama, watoto watano na bibi yao.

Usiku, kama saa nane hivi, upepo ulivuma kutoka ziwani. Mlango haukuwa umefungwa vizuri. Upepo ukaingia ndani, hema likavimba kama tanga la chombo. Kigingi cha kwanza kiling'oka. Cha pili kikafuata. Halafu nguzo ya kati ikaanguka juu ya bibi, ikamvunja mkono. Mvua ilikuwa inanyesha. Watoto walilia chini ya turubai, na gizani hatukujua nani yuko wapi. Vijana walimbeba bibi kwa machela ya mianzi mpaka zahanati.

Asubuhi tulisimama pale, tunatazamana. Mzee mmoja akatujia. Mzee huyo alikuwa mwanafunzi wetu katika darasa la kisomo. Alikuwa bado anahangaika na silabi. Lakini maishani mwake alikuwa amejenga nyumba nyingi za mianzi.

Alituuliza, "Mwalimu, jana mlipima udongo?"

Tukasema, "Hapana, mzee."

"Mliuliza upepo unatoka wapi?"

"Hapana."

Akasema, "Haya. Jana jioni ninyi mlikuwa walimu wangu wa kusoma. Leo asubuhi shikeni jembe, niwafundishe mimi."

Mengi mtakayosoma hapa chini alitufundisha yeye. Mengine tulijifunza baadaye kwa watu waliozoea kazi ya kuwahudumia wahanga wa maafa.

KWA NINI UPEPO NA MVUA YA KWETU NI VIKALI?

Ziwa Nyasa ni refu na jembamba. Urefu wake ni zaidi ya kilometa 550, kutoka kusini mpaka kwetu kaskazini. Upepo wa kusini, ambao wavuvi wengi wa ziwa hili huuita mwera, unasafiri juu ya maji hayo yote. Hakuna mlima wala msitu wa kuuzuia. Njiani unachukua mvuke wa maji. Ukifika kwetu unakutana na Milima ya Livingstone upande wa mashariki na nchi ya juu ya Rungwe upande wa kaskazini. Upepo unalazimika kupanda. Ukipanda unapoa, na mvuke unageuka kuwa mvua. Ndiyo maana Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mwezi wa Aprili ni mzito sana.

Jambo la pili: nguvu ya upepo. Upepo ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne, wala si mara mbili. Kwa hiyo hema linalosimama vizuri mchana katika upepo mdogo, usiku linaweza kuanguka. Msilipime hema kwa upepo wa mchana.

KUCHAGUA MAHALI

Kabla ya kufungua mfuko wa hema, tembeeni kwanza. Tazameni mambo haya:

1. Pawe mahali pa juu kidogo. Msiweke hema katika bonde dogo, hata kama ni pakavu leo. Tazameni majani. Kama yamelala upande mmoja, maji yamepita hapo.

2. Pasiwe ukingoni mwa mto. Kingo za mito yetu ni udongo ulioletwa na maji, na maji huubomoa tena.

3. Pasiwe chini ya mti mkubwa. Mwembe una kivuli kizuri, lakini tawi lake likivunjika usiku linaua. Mnazi nao huangusha nazi.

4. Pawe na kitu cha kukinga upepo upande wa ziwa, kama kichaka, shamba la kakao au migomba mingi. Lakini kaeni mbali nacho kiasi kwamba kikianguka kisifike kwenye hema.

5. Udongo upimwe. Pigeni mti uliochongwa ardhini, kisha uvuteni kwa mkono. Kama unatoka kwa mkono mmoja, vigingi vifupi havifai hapo.

Waulizeni wazee wa mahali hapo maji ya mafuriko makubwa yalifika wapi. Wao wanajua. Sisi hatukuuliza.

VIFAA

Hema kubwa la familia linalogawiwa wakati wa maafa, kwa kawaida chumba chake kina mita 4 kwa mita 4. Mbele na nyuma lina vibaraza vidogo. Kati lina urefu wa mita 2 na kitu kwenda juu. Ndani ya mfuko mtakuta hema lenyewe, nguzo, kamba, vigingi, nyundo na turubai la kutandika chini.

Hesabuni kila kitu kabla ya kuanza. Kisha ongezeni vitu vya nyumbani: jembe, panga, kamba za ziada, vigingi vya mti mgumu kama mpera vyenye urefu wa mita 1, na viroba vitupu kama sita.

Wawepo watu wanne au watano. Mtu mmoja awe msemaji. Kila mtu akiamuru, hema halisimami.

KUSIMAMISHA HEMA, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza. Safisheni mahali. Ondoeni mawe, visiki na mizizi. Sawazisheni kwa jembe. Katikati pawe juu kidogo kuliko pembeni, ili maji yakiingia yasitulie katikati.

Hatua ya pili. Geuzeni hema kufuata upepo. Upande mwembamba usio na mlango mnaotumia uelekee ziwani, yaani kusini. Mlango mnaotumia uelekee upande wa pili. Kumbukeni kosa letu. Mlango ukiutazama upepo, upepo utaingia kama mgeni asiyebisha hodi.

Hatua ya tatu. Tandazeni hema chini. Fungeni milango yote kabla ya kupiga vigingi. Mkipiga vigingi huku mlango uko wazi, baadaye hautafungika.

Hatua ya nne. Pigeni vigingi vya pembe nne. Hakikisheni pembe ni sawa. Chukueni kamba moja. Pimeni kutoka pembe ya kwanza mpaka pembe inayoikabili. Kisha pimeni pembe mbili zilizobaki kwa kamba hiyohiyo. Vipimo viwili vikilingana, hema ni mraba. Visipolingana, limepinda, na kitambaa kitavutika upande mmoja na kupasuka.

Kuna njia nyingine, ile mliyojifunza katika hesabu. Pimeni mita 3 upande mmoja na mita 4 upande mwingine. Kamba ya kuunganisha ncha hizo mbili lazima iwe mita 5. Ikiwa hivyo, pembe ni sawasawa. Mafundi wa nyumba huitumia kila siku.

Hatua ya tano. Ingizeni nguzo. Watu wawili waingie ndani na kusimamisha nguzo za mwisho, kwanza upande wa upepo. Wengine wawili washike kamba nje. Nguzo isimame wima. Chini ya kila nguzo wekeni kipande cha ubao au jiwe bapa, ili nguzo isizame katika tope. Nguzo ikizama, kamba zote zinalegea.

Hatua ya sita. Fungeni kamba za pande zote. Anzeni na upande wa upepo, kisha upande unaoukabili. Vuteni kidogo kidogo pande zote, mpaka kitambaa kisiwe na makunyanzi. Msiache upande hata mmoja bila kamba. Dhoruba ya radi haifuati njia ya mwera. Hutoka popote.

KAMBA NA VIGINGI

Hapa ndipo hema linaponea au linapofia.

Kigingi kisipigwe wima. Kilale kidogo. Kichwa chake kielekee mbali na hema, na ncha yake ielekee chini ya hema. Hivyo kamba ikivuta, inavuta kigingi kwenye udongo, haikichomoi. Fungeni kamba chini kabisa, karibu na ardhi. Ukiifunga juu, kigingi kitayumba.

Kigingi kiwe umbali gani? Kama kamba imefungwa mita 2 juu, kigingi kiwe mita 2 au zaidi kutoka kwenye nguzo. Kamba iliyosimama sana humvuta mwenzake kwenda juu. Kamba iliyolala hushika.

Udongo wetu wa mabondeni ni laini. Wakati wa masika unakuwa kama ugali mbichi. Kwa hiyo mzee wetu alitufundisha njia tatu.

Njia ya kwanza ni kigingi kirefu. Tumieni mti wa mita 1, uliochongwa. Theluthi mbili ziingie ardhini.

Njia ya pili ni kigingi na msaidizi wake. Pigeni kigingi cha kwanza. Nyuma yake, kama nusu mita, pigeni cha pili. Fungeni kamba kutoka kichwa cha cha kwanza mpaka shina la cha pili. Cha kwanza kikitaka kuinama, cha pili kinamshika.

Njia ya tatu ni gogo la kuzika. Hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Chimbeni shimo la urefu wa mita 1 na kina cha nusu mita au zaidi. Shimo likingame, yaani likate njia ya kamba. Chukueni gogo la unene wa paja, lenye urefu wa karibu mita 1. Fungeni kamba ya nailoni katikati ya gogo. Lilazeni ndani ya shimo. Upande wa hema chimbeni mfereji mwembamba wa kupitisha kamba, ili isibanwe na ukingo. Fukieni udongo na kushindilia kwa miguu. Sasa upepo ukitaka kung'oa kamba hiyo, lazima uinue gogo na udongo wote ulio juu yake.

Kama shimo linajaa maji kabla ya kuzika gogo, tumieni viroba. Jazeni mchanga, fungeni midomo, laza viroba viwili au vitatu juu ya kila kigingi. Mchanga uko tele pwani ya Matema na Itungi.

Sisi tulidharau gogo. Tulisema hema ni kitambaa tu. Mzee akacheka, akasema, "Mwalimu, hata tanga ni kitambaa, lakini linasukuma chombo chenye watu na magunia."

MVUA ISIINGIE

Maji huingia kwa njia tatu: kutoka juu, kutoka pembeni na kutoka chini. Ya chini ndiyo husahauliwa.

Chimbeni mfereji kuzunguka hema lote. Kina chake kiwe shubiri moja. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye paa la hema yaangukie ndani ya mfereji. Udongo mnaochimba uwekeni upande wa hema, uwe tuta dogo. Mfereji uwe na mdomo wa kutolea maji upande wa chini. Mfereji usio na mdomo ni kisima tu. Kama mahema ni mengi, kaeni pamoja kwanza, maji ya hema moja yasielekezwe kwenye mlango wa jirani. Ugomvi mwingi wa kambini huanzia hapo.

Hema lina pindo la chini. Lifukieni kwa udongo kuzunguka pande zote na kushindilia. Pindo likifukiwa, upepo haupiti chini.

Turubai la kutandika ndani lisichungulie nje. Kingo zake zikunjwe kwenda juu, zisimame kama kingo za sinia. Likichungulia nje hata kidogo, maji ya paa yataangukia juu yake na kutembea mpaka kwenye godoro.

Kama hema ni la turubai la pamba na ni jipya, limwagieni maji na kuliacha likauke kabla ya masika. Nyuzi huvimba na kuziba vitundu. Tena wakati wa mvua msiguse paa kwa ndani, wala msiegemeze mizigo. Pale penye mguso, maji hupenya.

KAMBA ZINABADILIKA

Jambo hili wengi hawalijui. Kamba ya katani au ya pamba ikilowa inavimba na kuwa fupi. Hukaza yenyewe. Ikikaza mno inang'oa kigingi au inapasua kitambaa. Kwa hiyo mvua ikikaribia, ilegezeni kidogo. Ikikauka, ikazeni tena.

Kamba ya nailoni ni kinyume chake. Ikilowa inanyooka na kulegea. Mvua ikianza, ikazeni.

Basi jueni kwanza kamba yenu ni ya aina gani. Zitazameni kila jioni kabla ya kulala, na usiku mtu mmoja awe na tochi karibu.

KAMA HAMNA HEMA, MNA TURUBAI TU

Familia nyingi hupata turubai la nailoni la mita 4 kwa mita 6. Msikate tamaa. Mianzi tunayo.

Simamisheni nguzo mbili za mwanzi, zenye urefu wa mita 2 na nusu, nusu mita iingie ardhini. Juu yake fungeni mwanzi mmoja wa kulala. Tupieni turubai juu ya mwanzi huo, lishuke pande mbili kama paa la nyumba. Zungushieni kitambaa kichwani mwa kila nguzo, maana mwanzi uliokatwa ni mkali kama kisu.

Turubai likikosa matundu ya kamba, msilitoboe. Tundu la kisu litapasuka hadi katikati. Chukueni gunzi la hindi au jiwe la mviringo. Liwekeni chini ya ukingo wa turubai, likunjieni ndani, kisha funga kamba shingoni, nyuma ya jiwe. Kamba haitateleza, na turubai litabaki zima.

Paa lisilale. Lisimame kama mgongo wa nyumba. Tazameni hesabu hii. Mvua ya sentimeta 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 10 za maji. Turubai la mita 4 kwa 6 lina mita za mraba 24. Sasa: 24 mara 10 ni lita 240. Hizo ni debe 12 za maji, zenye uzito wa kilo 240. Kama turubai limelala, uzito huo unakaa juu ya vichwa vyenu. Ndiyo maana maturubai ya msibani hupasuka.

MAMBO YA KUKATAZA

Msipike ndani ya hema, hata kama mvua inanyesha. Kitambaa cha hema hushika moto upesi. Tena jiko la mkaa katika hema lililofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu hulala wasiamke. Jengeni kibanda kidogo cha jiko nje, upande ambao upepo haupeleki cheche kwenye hema.

Msibananishe mahema. Kati ya hema na hema iwepo nafasi, angalau mita 2. Ikiwezekana nafasi iwe mara mbili ya urefu wa hema kwenda juu. Moto ukitokea, usiruke. Usiku watu wapite bila kujikwaa kwenye kamba. Fungeni vitambaa vyeupe kwenye kamba ili zionekane.

Tundikeni vyandarua. Kyela ina mbu wengi, na hema halizuii mbu.

Upepo ukizidi nguvu na kamba zimeanza kukatika, msipigane nao. Toeni watoto na wazee kwanza, waende kwenye nyumba imara, shule au kanisa. Kisha angusheni nguzo ninyi wenyewe, hema lilale chini. Hema lililolazwa mtalisimamisha kesho.

WATU WANGAPI NDANI?

Wanaohudumia wahanga wa maafa wanapendekeza kila mtu apate angalau mita za mraba 3 na nusu. Chumba cha mita 4 kwa 4 kina mita za mraba 16. Gawanyeni 16 kwa 3.5. Jibu ni 4 na nusu hivi. Kwa hiyo hema hilo ni la watu wanne, au watano wakibanana.

Sisi tuliweka wanane. Bibi alilala katikati kabisa, kwenye nguzo, kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Hesabu hiyo tulikuwa tunaifundisha darasani kila wiki, na siku ile hatukuitumia.

BIBI ALIRUDI

Baada ya wiki kadhaa bibi alirudi, mkono ukiwa bado umefungwa. Safari hii tulikuwa tumesimamisha mahema mawili kwa familia ile, nyuma ya kichaka, migongo ikielekea ziwani. Kila upande ulikuwa na gogo la kuzika.

Bibi hakuingia. Alizunguka nje polepole. Alivuta kila kamba kwa mkono wake mzima. Akafika kwenye kamba moja ya nyuma, akasema, "Hii imelegea." Alisema kweli. Tuliikaza. Ndipo akainama na kuingia.

Tangu siku ile alikuwa mkaguzi wa kamba. Kila jioni alizunguka mahema yote ya uwanja ule, na watoto wakimfuata. Upepo ulivuma tena mara nyingi masika ile. Hakuna hema lililoanguka.

Yule mzee alimaliza kisomo chake. Siku moja alitwambia, "Mambo ya magogo na kamba yaandikeni. Sasa ninaweza kusoma, nitaangalia kama mmeyaandika sawasawa." Ndiyo sababu ya somo hili. Mzee, soma, na kama tumekosea utatwambia. Ndaga fijo.

TUKUMBUKE

Mahali pa juu. Mgongo kwa upepo. Milango ifungwe kwanza. Pembe zilingane. Kamba pande zote. Kigingi kilale, gogo lizikwe. Mfereji uwe na mdomo. Moto uwe nje.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, ni mahali gani pa juu pasipofikiwa na mafuriko? Nani anajua maji yalifika wapi zamani?

2. Kwa nini kigingi kinachoingia kwa urahisi ni cha kutiliwa shaka?

3. Kamba zenu za nyumbani ni za katani au za nailoni? Mvua ikija mtazifanyaje?

4. Je, kamati ya maafa ya kijiji chenu ina orodha ya wazee, wagonjwa na akina mama wenye watoto wachanga? Nani atawatoa kwanza usiku?

HESABU

1. Turubai la msibani lina mita 6 kwa mita 8. Imenyesha mvua ya sentimeta 2. Kama paa limelala na maji yote yamekaa juu, ni lita ngapi? Ni debe ngapi za lita 20?

2. Familia ina watu 9. Kila mtu apate mita za mraba 3.5. Wanahitaji nafasi kiasi gani? Mahema mangapi ya mita 4 kwa 4?

Majibu: (1) Lita 960, yaani debe 48. (2) Mita za mraba 31.5, yaani mahema mawili.

KAZI YA VITENDO

Siku ya darasa lijalo, njooni na jembe, kamba na gogo moja. Zikeni gogo kama tulivyoeleza, kisha vijana wanne walivute. Wakishindwa kuling'oa, mmefaulu somo.